Mtungi Uliopanda Mlima wa Mbololo

Kabla sijaiona Voi, niliisikia. Basi lilikuwa limesimama na pazia la dirisha langu limefungwa, na nje palikuwa na mlio mwepesi wa vitu vingi vinavyogongana bila uzito. Ko-ko, ko-ko-ko, kama kwaya ya mbao inayotafuta sauti kabla ya ibada. Nilipovuta pazia nikaona mkokoteni uliopakiwa mitungi ya plastiki ya manjano, mingi hata ikamficha mwenye kuusukuma. Yote ilikuwa mitupu. Shuleni tulifundishwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma, tukadhani ni maneno ya kuwasuta wajinga. Voi asubuhi ile yalikuwa habari za mji.

Mmeniuliza, enyi wenzangu tunaosomeana miswada kila Jumamosi, nilikwenda Taita Taveta kufanya nini na misheni ya maji, mimi ambaye sijawahi kushika sururu. Nawaandikia yote mara moja ili nisiyasimulie vipande vipande na kuyaharibu.

Voi, kwa Bi Rukia

Misheni yenyewe haina ofisi kubwa wala kibao barabarani. Ni Wakristo wa makanisa madogo madogo waliokubaliana kwamba kabla ya kumhubiria mtu mwenye kiu, mpe maji. Kiongozi wao ni Mchungaji Kilonzi, mtu wa Njukini huko karibu na Taveta, mrefu, mwenye mikono ya mkulima na sauti ndogo inayokulazimu unyamaze ili umsikie. Alinipokea kwa kunitazama viatu.

"Hivi ni vya kutembelea au vya kupigia picha?"

"Vya kutembelea, Mchungaji."

"Tutaviuliza Ijumaa."

Tulikaa kwa Bi Rukia, mjane wa Kiislamu ambaye nyumba yake iko nyuma ya maduka, na ambaye hupokea wageni wa misheni kwa sababu, alivyosema, Mungu hakuweka mpaka kwenye kikombe. Alitupa mahamri na mbaazi za nazi, akasimama mlangoni kuhakikisha tunakula. Mfereji wake ulikuwa umekauka tangu juma lililotangulia, ingawa bomba kubwa la maji ya Mombasa linapita katika nchi hii hii.

"Enhe, nyinyi watu wa ubatizo," alisema huku akimmiminia Mchungaji chai, "leo mtabatiza kwa nini? Kwa mate?"

Mchungaji alicheka hadi akakohoa. Fundi wetu wa mabomba, Mutua, Mkamba mwembamba asiyekosa neno, akajibu, "Tutabatiza kwa mbaazi, Bi Rukia. Ongeza kidogo, bado kuna wenye dhambi."

Tulitakiwa kuondoka asubuhi hiyo kwenda kijiji kilicho chini ya milima ya Mbololo, ambacho watu wa mlimani hukiita Bondeni. Kazi ilikuwa imefika ukingoni. Chemchemi ya juu ilikuwa imejengewa, nusu ya mtaro imechimbwa, yamebaki mabomba ya kipande cha mwisho. Mabomba yenyewe yalikuwa yakitoka Mombasa kwa lori. Lori halikuja. Saa sita mchana dereva akapiga simu kwamba yuko Maungu, ana pancha, na jeki yake imeibwa.

"Twende tukaokoe nafsi yake," akasema Mchungaji, "pamoja na mabomba."

Maungu

Kwa hiyo safari yangu ya kwenda milimani ilianza kwa kuipa milima mgongo. Maungu ni mahali pa malori. Yamepangana kando ya barabara kama ng'ombe kwenye josho, na kati yao watu wanauza matikiti, maji ya chupa, mahindi ya kuchoma na chaji ya simu. Tulimkuta dereva wetu amekaa kivulini akila tikiti kwa utulivu wa mtu ambaye matatizo yake yamekabidhiwa wengine. Aliyekuwa chini ya lori ni kijana mwenye mabega mapana, fundi wa pancha, jina lake Mwakio.

Alituuliza mabomba yanaenda wapi. Mchungaji akamwambia. Mwakio akatoka chini ya lori polepole, akajifuta mikono.

"Kumbe nyinyi ndio mnaomdanganya mamangu."

Mama yake anaishi Bondeni peke yake, akatueleza, katika nyumba ya kwanza kabisa chini ya mlima. Magoti yamekwisha. Kila siku anakwenda kwenye kisima cha maji ya chumvi na kurudi na mtungi mgongoni, na mwezi uliopita alianguka nao. Mwakio amejenga chumba hapa Maungu, nyuma ya kibanda chake. Mama hataki kuhama.

"Anasema maji yanakuja. Anasema Pasta ameahidi. Mimi nimeona miradi ikija pale tangu nikiwa darasa la tatu. Inakuja, inapigwa picha, inaenda. Sasa nimemwambia, Jumapili nakuja na pikapu. Kama maji yamefika, nitakunywa glasi nirudi zangu. Kama hayajafika, nampakia yeye na godoro lake."

"Naye amekubali?" akauliza Mchungaji.

"Ameapa kwa jina la marehemu baba. Mama hajawahi kuvunja kiapo. Ndiyo maana nilimwapisha."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mwakio alifunga gurudumu, akakataa soda tuliyomnunulia, akatuaga kwa heshima kabisa, kama mtu anayewaaga wapinzani kabla ya mechi.

Barabara ya kwenda Bondeni

Tulilala tena Voi, tukaondoka na lori alfajiri. Barabara ya lami ikaisha, ikaja ile ya udongo mwekundu ambao huingia hata ndani ya sentensi. Daftari langu mpaka leo lina rangi hiyo. Kushoto vichaka vya kijivu, kulia vichaka vya kijivu, na mbele Mbololo imevaa wingu lake kichwani kama mwanamke aliyetoka bafuni na taulo.

Kisha tukasimama. Ndovu walikuwa wakivuka, mmoja mmoja, bila haraka, na dereva akazima injini. Nilikuwa na furaha ya mtalii mpaka nilipomtazama Mutua. Alikuwa akihesabu mabomba kwa macho.

"Hawa wananusa maji chini ya ardhi," aliniambia. "Ukizika bomba juu juu, wanalifukua kama muhogo. Wewe unaona wanyama, dada. Mimi naona kazi ya kuchimba mara mbili."

Tuliwasubiri hadi jua likapanda. Mchungaji alilala usingizi akiwa ameketi wima, Biblia tumboni. Hakuna aliyepiga honi. Huku, ndovu ndiye mwenye barabara, na sisi wengine tumeazimwa.

Bondeni

Nyumba ya kwanza chini ya mlima ilikuwa na kuta za udongo, bati jipya, na ua uliofagiwa hadi ukaonyesha mistari ya ufagio. Mama Mwakio alitoka akishikilia fremu ya mlango.

"Kwawuka mana?" akatusalimu kwa Kidawida, lugha ya Wataita, akitujulia hali ya kuamka, ingawa ilikuwa karibu adhuhuri. Alikuwa mfupi, mnyoofu kuanzia kiunoni kwenda juu, na kutoka hapo kwenda chini kila hatua ilikuwa mapatano. Alinikalisha, akanipa chai ya rangi.

Nilikunywa, nikakaza uso. Chai ilikuwa ya chumvi. Nikawaza, maskini, amezeeka, amechanganya mikebe. Nikanywa yote kwa adabu, nikasema tamu sana. Akaniongeza. Nikanywa na hicho. Alipokuja na cha tatu, Mutua hakuweza kujizuia tena, akaangua kicheko hadi akaketi chini.

"Mwambie, Mama! Anadhani umekosea sukari!"

Mama Mwakio akanishika bega, naye akicheka bila sauti. "Mwanangu, sukari imo. Ni maji yenyewe. Kisima chetu ndicho hicho. Hata sabuni haitoi povu. Nguo za kanisani zinafuliwa kwa imani."

Ndani ya nyumba vitu vilikuwa tayari vimefungwa. Sufuria ndani ya sufuria, shuka limekazwa kwa kamba, picha ya marehemu mumewe imezungushiwa kanga. Kuku alikuwa ameshawagawa kwa jirani. Nikamuuliza kama anaogopa Maungu.

"Mwanangu ni mtoto mzuri," alisema. "Kosa lake ni hilo tu, ni mzuri. Huko atanilisha, atanilaza, nitasikiliza malori. Hapa mimi ni mtu. Nina kunde zangu, nina kiti changu cha kwaya, nina mzee wangu pale nyuma chini ya mawe. Lakini nimeapa. Jumapili ikifika na mfereji ni mkavu, nitapanda gari."

Kuanzia hapo kila mtu Bondeni alichimba akijua anachimbia nini. Ningependa mngewaona. Wakatoliki, Waanglikana, hata mzee mmoja aliyesema hana dini ila ana jembe. Wanaume walitangulia na sururu, wanawake wakafuata wakitoa udongo, na wimbo ulipita juu ya mtaro kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama kitu kinachopokezanwa mkono kwa mkono. Mchungaji Kilonzi hakusimama pembeni hata mara moja. Alichimba sehemu yenye mawe, kimya, shati limeganda mgongoni, na alipopumzika alipumzika kwa kuwabebea wengine uji. Mchana tulikula kimanga, yaani muhogo na kunde zilizopondwa pamoja, kizito, cha chumvi hiyo hiyo, nami sijakula chakula kitamu zaidi. Viatu vyangu vilifunguka soli Alhamisi. Ijumaa hakuna aliyeviuliza.

Jumamosi jioni Mutua alikaza kiungo cha mwisho, kwenye mfereji ulioko uani kwa Mama Mwakio. Akaubusu mfereji ule kama mtu anayembusu mtoto wa ndugu yake.

Jumapili baada ya ibada kijiji kizima kilikusanyika. Mwakio alikuwa amefika na pikapu ya kukodi, amevaa shati jeupe, amesimama nyuma kabisa. Mchungaji akaomba, kwa ufupi. Mama Mwakio akafungua mfereji.

Ukapumua. Ukakohoa mara moja, kama mzee. Kisha basi.

Mutua aliufunga, akaufungua, akaupiga ngumi. Watoto wakatazamana. Mama Mwakio aliacha mkono wake juu ya mfereji muda mrefu kidogo, halafu akaingia ndani, na tulipomwona tena alikuwa anavuta godoro kuelekea mlangoni. Mwakio akakimbia kumpokea. Sikuona furaha usoni mwake. Alilibeba lile godoro kama mtu aliyeshinda kesi dhidi ya nduguye.

"Bomba ni zima," Mutua alimwambia Mchungaji kwa sauti ya chini. "Kuna mtu amefunga valvu juu, kwenye chemchemi."

Mchungaji akamwendea Mwakio. "Ndugu yangu, nipe mpaka kesho mchana."

"Niliahidi Jumapili, Pasta."

"Na mfereji umefika Jumapili. Maji ndiyo yamechelewa. Nipe kesho."

Mwakio akamtazama mama yake, kisha milima. "Kesho mchana," akasema. "Lakini godoro linabaki kwenye gari."

Mlimani

Tukapanda mlima alasiri hiyo hiyo, Mchungaji, Mutua na mimi. Ukipanda Mbololo unahama nchi. Vumbi linaisha, inaanza migomba, ukungu, mashamba yaliyopangwa kama ngazi, maji yanayonong'ona kwenye mifereji ya udongo iliyochimbwa na mababu, kila shamba likipewa zamu yake. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshaandika kichwani ukurasa mzima juu ya uchoyo wa watu wa juu.

Kwenye chemchemi alikaa mwanamke mnene mwenye koti la sufu na buti za mvua, akisuka kikapu. Huyo ni Mama Mghoi, mwenyekiti wa kamati ya maji ya juu, na pia mzee wa kanisa. Pembeni yake walikuwa wanawake wengine wawili. Valvu ilikuwa nyuma yake, imefungwa.

"Karibuni," alisema. "Tuliwangoja tangu juzi. Mbona mmekuja mikono mitupu?"

Mchungaji akajizuia. "Mama, tulikubaliana. Kamati ilitia sahihi. Tulikula pamoja."

"Tulikula. Mbuzi alikuwa mtamu."

"Basi kwa nini umefunga maji?"

Akakiweka kikapu chini. "Pasta, wewe ulikuja kutuomba maji. Chifu akaja kutuomba. Ukaleta barua, ukaleta wageni wenye kamera, wakatuomba wakicheka. Tukasema ndiyo, jengeni. Lakini mpaka leo aliye na kiu hajaja. Maji hayashuki kwa mtu ambaye hajayaomba kwa mdomo wake. Na haji mkono mtupu. Anakuja na maji anayokunywa sasa, sisi tunayaonja, ndipo tunafungua. Hivyo ndivyo walivyotuachia, hata ndugu na ndugu wakigawana mfereji. Hukujua?"

"Kwetu Njukini hatuna hilo," alisema Mchungaji, na ile sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi.

"Nami nilidhani umetudharau," alisema Mama Mghoi. "Kumbe hukuambiwa."

Tuliposhuka na kumweleza Mama Mwakio, aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Jamani. Hamkuwa mmekwenda na mtu wa huku? Sisi sote tulidhani mlimchukua mtu wa nyumba za upande wa pili. Na wao, nina hakika, walidhani ni mimi." Akafikiri. "Anayeomba ni mwenye nyumba ya kwanza. Mimi. Au mtoto wangu."

Macho yote yakamgeukia Mwakio.

"Hapana," akasema. "Mama, hapana. Mimi nikaombe maji ya kukuzuia usije kwangu?"

"Magoti yangu hayapandi."

"Tuondoke basi. Gari liko pale."

"Mwakio. Beba mtungi."

Hakupaza sauti. Aliyasema maneno hayo, nadhani, kama alivyoyasema Mwakio alipokuwa mtoto. Mwakio akatazama chini, akatazama pikapu, akaenda kuujaza mtungi kisimani.

Kupanda tena

Jumatatu tulianza na mapambazuko. Kule chini kazi ya mtungi ni ya wanawake, na wanawake waliotoka kwenda shambani walisimama kumwangalia.

"Baba Pancha! Tairi gani hilo umebeba?" aliita mmoja.

"Usilibirue, limejaa!" akadakia mwingine.

Aliweka mtungi bega la kulia, akauhamisha kushoto, akaujaribu kichwani, ukamshinda. Mahali palipo na mwinuko mkali alisimama, jasho likidondoka kidevuni. Mutua akanyoosha mikono kumsaidia. Mwakio akakataa. "Huu anaubeba kila siku?" aliuliza, bila kumwuliza yeyote. Mutua akajibu, "Mgongoni. Na anaimba." Mwakio akauinua tena mtungi begani, akaendelea hadi juu.

Mama Mghoi alikuwa amewaita wanawake wa kamati wote. Mwakio akatua mtungi. Mmoja akaleta kikombe cha bati. Kikapita kutoka mkono hadi mkono. Mwanamke kijana alionja akageuka akitaka kutema.

"Usiteme," Mama Mghoi alimwambia. "Mwenzako anapikia chai. Meza."

Akameza, machozi yakamlenga. Mama Mghoi alikunywa kikombe chake mpaka chini, akakaa nacho mapajani.

"Nani anaomba?"

"Mama yangu, Mama Mwakio wa nyumba ya kwanza."

"Na wewe?"

"Mimi nakaa Maungu."

Wakacheka. "Basi wewe huombi," alisema Mama Mghoi, "wewe umetumwa. Anayeomba ni anayekunywa. Utakunywa au hutakunywa?"

Niliona mambo yakizunguka usoni pake: chumba alichokijenga kwa mikono yake, kitanda alichokwisha kununua, ule uzuri wake wote wa kumhamisha mtu aliyempenda. Ndege mmoja alilia kwenye migomba.

"Nitakunywa," alisema mwishowe. "Nikija."

"Ukija lini?"

"Kila mwisho wa mwezi."

"Tumesikia sote?"

"Tumesikia!" wakajibu kwa pamoja. Mama Mghoi akainuka, akamzuia Mutua aliyekuwa ameshashika spana, akainama mwenyewe na buti zake za mvua, akafungua valvu. Bomba likatetemeka, likanyamaza, maji yakaanza safari.

Yalitushinda mbio. Tulikuwa hata hatujafika kwenye migomba ya mwisho tuliposikia vigelegele vikipanda kutoka chini, na Mchungaji Kilonzi, mbele yetu kwenye njia, akavua kofia yake akasimama tu, mgongo wake umetugeukia, hadi tulipomfikia.

Kushuka, na kuondoka

Uani kwa Mama Mwakio palikuwa na matope, ya kwanza niliyoyaona Bondeni, na watoto walikuwa wakiyakanyaga kwa makusudi. Mama Mwakio alimpa mwanawe glasi. Akanywa, akampa tena, akanywa. Kisha akaenda kwenye pikapu, akafungua kamba, akateremsha godoro, akalirudisha ndani mwenyewe, akatoka akarudi na sufuria, na mwisho ile picha iliyozungushiwa kanga, aliyoibeba kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa narudi Voi na yeye, kwa kuwa pikapu ilikuwa inarudi hata hivyo. Nilimkumbatia Mchungaji, Mutua alinipa kipande cha bomba, akasema niweke kalamu humo. Bado jua lilikuwa juu, na upepo ulikuwa ukisukuma vumbi kuelekea nyumbani kwa Mama Mwakio.

Mwakio alisimama kizingitini. "Haya, Mama. Mimi naenda."

"Nenda salama. Chumba chako usikiache kitupu. Tafuta mke."

"Mama!"

"Nimesema tu. Mwisho wa mwezi?"

"Mwisho wa mwezi."

Akashuka hadi kwenye gari bila kugeuka. Mama Mwakio hakumsindikiza. Alimtazama mpaka akawasha injini, kisha, vumbi lisije likaingia ndani, akauvuta mlango wake akaufunga.